Nyumba ya Sukari na Picha Zilizokosekana

Nyumba nzuri humshughulisha mtu macho hata akasahau kuuliza: ni nani aliyeigharimia? Kwa suali hili twataka kuyapima maonyesho ya sanaa ya kisasa yafanywayo Harewood House, jumba la kifakhari lililo karibu na mji wa Leeds, kaskazini ya Uingereza.

Msingi wa jumba hili uliwekwa mwaka 1759, na mwenyewe, Edwin Lascelles, akahamia mwaka 1771. Waliolitengeneza walikuwa mabingwa wa zama zile: John Carr na Robert Adam kwa ujenzi na nakshi, Thomas Chippendale kwa samani, na Lancelot Brown kwa bustani. Kutani zimetundikwa picha za watu wa ukoo, na mgeni wa leo hukata tikiti akapita chumba baada ya chumba. Amma fedha zilitoka mbali, katika mashamba ya miwa ya West Indies na biashara ya sukari na watumwa. Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Waingereza katika miaka ya 1830, serikali yao ilitoa fidia, na fidia hiyo akapewa bwana, si mtumwa. Bwana wa Harewood alipokea zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Watu wenyewe hawakupata hata pesa moja.

Mwaka 1989 ulifunguliwa humo ukumbi wa sanaa ya kisasa. Mwaka 2019, na tena 2022, yakafanywa maonyesho makubwa ya kazi za mikono, vitu vipya vikipangwa pamoja na vya kale. Hayo ni mazuri, na mafundi wastahili sifa yao. Lakini kitu kipya kizuri katika nyumba kama hii chaweza kuwa mfano wa kufukiza udi katika chumba kisichofagiwa: harufu yapendeza, na taka iko pale pale.

Kwa hivyo kazi iliyo bora kwa maoni yetu ni ile ya Picha Zilizokosekana, za mpiga picha Ashley Karrell. Ya kwanza ni ya Arthur France, mzee aliyezaliwa Nevis, mmoja wa waanzilishi wa sherehe ya Wakaribi mjini Leeds mwaka 1967. Ya pili, iliyofunuliwa mwaka 2023, ni ya mwigizaji David Harewood. Tazama jina lake, ndugu msomaji. Mababu zake walikuwa watumwa wa ukoo huo huko Barbados, na jina la bwana likawabakia wao na vizazi vyao. Mgeni aliyelisoma jina hilo langoni kama jina la fakhari, hulikuta tena ndani kwa mtu ambaye wazee wake walihesabiwa mali. Picha hii haikubandua kitu ukutani, lakini picha nyingine zote hazitazamwi tena kama zamani.

Hata hivyo insafu yataka tuseme na upungufu wake. Waliotundikwa ni watu mashuhuri. Wale 1,277 wangali hawana sura. Tena mwenye ukuta ndiye yule yule achaguaye nani atundikwe. Bwana wa sasa, David Lascelles, hafichi khabari za ukoo wake, na mwaka 2023 alijiunga na wenziwe waliotokana na wenye watumwa ili kuyasema mambo haya hadharani. Kukiri huko ni jambo la kusifiwa. Lakini kukiri deni ni mlango tu wa kulilipa, na picha, iwe nzuri namna gani, haiwezi kuhisabiwa malipo.

Wala tusidhani mas'ala haya ni ya Waingereza peke yao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku huko mwaka 1897. Na kabla ya hapo mikarafuu ya Unguja na Pemba ilihudumiwa kwa jasho la watumwa. Mgeni akija twamwonyesha milango ya nakshi na baraza za mawe, naye husifu. Yafaa watoto wetu nao waambiwe, kwa ulimi mmoja na ule wa kusifu, ni mikono ya nani iliyochuma karafuu zilizolipia milango hiyo.