Matao Hayana Kosa

Hebu siku moja ukiwa kwa matatu Waiyaki Way, ukielekea Kangemi, uikumbuke Nairobi School iliyo hapo kando. Wengi wetu tukiona jengo lake tunasema, "Aki Wazungu walijua kujenga," kisha tunarudi kwa simu. Mimi naona huo ni uvivu. Jengo lile lina hoja, na hoja hujibiwa.

Lilifunguliwa mwaka wa 1931 kama Prince of Wales School, shule ya wavulana Wazungu pekee. Msanifu alikuwa Herbert Baker, yule yule wa Union Buildings kule Pretoria. Cecil Rhodes ndiye aliyemlipia Baker safari ya kwenda Ugiriki, Italia na Misri kusomea majengo ya kale. Kwa hivyo usishangae kwamba bweni moja liliitwa Rhodes na lingine Clive. Mtoto alilala chini ya majina ya watu waliotwaa nchi za wenyewe, na asubuhi akapita chini ya matao ya Kirumi kwenda darasani. Mwalimu hakuwa na haja ya kumwambia kwamba amezaliwa kutawala. Kuta zilishamwambia.

Ila hapa ndipo wakosoaji wengi huishia, na mimi nataka kuendelea. Ondoa Rhodes, ondoa Prince, halafu utazame kinachobaki: varanda ndefu zenye kivuli, hewa inayopita, uwanja wa ndani. Mvua ya Aprili ikimwagika, unatembea kutoka mlango hadi mlango bila kulowa. Huo si ukoloni, ni akili tu. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na daka na ua wa ndani kabla babu yake Baker hajazaliwa.

Kosa lilikuwa mgao. Koloni ilitenga shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Kivuli na heshima viligawanywa hivyo hivyo.

Uhuru ukaja, majina yakabadilishwa, milango ikafunguliwa. Poa. Lakini mgao wenyewe hatukuugusa, tulibadilisha kipimo tu, kutoka rangi hadi alama za mtihani. Ukipasua mtihani, unapewa matao. Usipopasua, mara nyingi unapewa mabati, vitanda vilivyobanana na madirisha ya vyuma. Mwaka wa 2001, kule Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa bweni lilipochomwa moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Ule nao ni usanifu, jameni. Nao ulikuwa unawaambia watoto kitu kila usiku, kabla hata moto haujawaka.

Kwa hivyo sitaki jengo la Baker libomolewe, na kulibandika kibao cha turathi tu hakunitoshi. Lilindwe, wanafunzi waendelee kukimbia kwenye varanda zake. Lakini siku ambayo mtu wa serikali atakaa chini kuchora bweni la shule ya kaunti ndogo, aanze na swali ambalo Baker aliulizia watoto wachache tu: huyu mtoto anastahili nini?

Tukianza na bei ya mabati, tayari tumeshamjibu.