Syberia II katika Konsoli: Safari ya Nani?

Benoît Sokal (1954–2021), msanii wa Ubelgiji aliyejulikana kwanza kwa vitabu vya picha vya Canardo, yule bata mpelelezi, alitunga mchezo wa kompyuta wa Syberia uliotoka mwaka 2002, na mwendelezo wake ukatoka mwaka 2004. Katika mchezo wa kwanza, Kate Walker, wakili kutoka New York, atumwa Valadilène, kijiji cha milimani Ufaransa, kukamilisha uuzaji wa kiwanda cha watu-mashine. Huko agundua kwamba mrithi wa kiwanda, mzee Hans Voralberg, angali hai, naye ana ndoto moja tu: kuwaona mamothi wa kisiwa cha Syberia. Mwendelezo wasimulia safari hiyo hadi mwisho wake.

Fani ya michezo hii ilizaliwa katika kompyuta. Mchezaji hushika kipanya, akapitisha kishale juu ya picha nzima na kubofya anachokishuku. Kishale ni jicho lake. Chaweza kupekua pembe zote huku Kate amesimama tu. Katika konsoli, yaani mashine ya michezo, kama vile Switch iliyoupokea mwendelezo huu mwaka 2017, mchezaji humwongoza Kate kwa kijiti, na alama ya kitu hujitokeza anapokikaribia. Jicho limefungwa mwilini.

Wapo watakaoliona jambo hilo kuwa upungufu wa fani tu. Lakini linafichua maudhui. Katika mchezo wa kwanza Kate alikuwa mchunguzi wa hati na barua, na kishale kilimfaa. Katika mwendelezo ameiacha kazi yake, na mwajiri amemtuma mpelelezi kumsaka. Sasa anatembea thelujini kwa ajili ya mzee mgonjwa. Kwa kijiti, mchezaji huuhisi mwendo huo hatua kwa hatua, hasa anapolazimika kurudi nyuma kwa sababu ya kitu kimoja kilichosahauliwa.

Hapo ndipo swali linapozuka: safari hii ni ya nani? Oscar, mtu-mashine mwendesha treni, autoa mwili wake uwe vazi la kumbeba Hans. Kate ametoa maisha yake yote ya awali. Hatimaye Hans apanda mamothi na kwenda zake, naye Kate abaki nyuma. Mchezo wakwisha bila kueleza atarudi vipi, wala kwa nani.

Kasoro kubwa zaidi imo katika picha ya Wayoukol, kabila la kubuniwa na Sokal: wafupi, wanene, wa kuchekesha. Msomaji wa Kongo anayekijua kitabu cha Tintin au Congo cha mwaka 1931 atautambua mkono huo wa zamani, unaowachora wenyeji ili wamsaidie msafiri na kumchekesha. Ilhali ni elimu ya Wayoukol inayofungua njia ya kumwokoa Hans. Mchezo huichukua elimu hiyo, kisha huendelea na safari.

Mchezo wa tatu, wa mwaka 2017, unaanza kwa Kate kuokotwa taabani na Wayoukol hao hao. Hilo ni deni ambalo mwendelezo wa mwaka 2004 haukulitaja.