Kinachoachwa Chini ya Chuchu

Kazi huanza mgonjwa akiwa amesimama. Dawa ya usingizi haijaguswa, na daktari hana kisu mkononi. Ana kalamu ya wino wa zambarau. "Simama wima, mwanangu. Mikono kiunoni. Haya, sasa inyooshe juu." Kijana anatii. Daktari anarudi nyuma, anatazama, anasogea tena, anabonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka chuchu, ndipo anachora. Duara la kwanza linafuata ukingo wa tezi, pale pale inapoishia. La pili ni pana zaidi, linazunguka mafuta. Mstari mmoja unashuka katikati ya kifua, mwingine unapita kwenye mkunjo ambapo titi linakutana na mbavu. Kazi hii haiwezi kufanywa mgonjwa akiwa kitandani, kwa sababu akilala tu mafuta huelekea kwapani, na kilichoonekana kimejaa huonekana bapa.

Kijana ametoka Kang'ata, wilayani Handeni. Huko kwa Wazigua shamba la mahindi hulimwa kwa jembe la mkono, na jua likishika kichwani wanaume huvua mashati bila kufikiri mara mbili. Yeye alilima amevaa. Timu za mpira zilipogawanywa, waliovaa huku na vifua wazi kule, alijiwahi upande wa waliovaa. Wenzake walishamwita dada mara ya kutosha.

Wavulana wengi huota tezi kidogo nyuma ya chuchu wakati wa balehe, na kwa walio wengi huisha yenyewe katika muda usiozidi miaka miwili. Ya kwake haikuisha. Tezi ikikaa zaidi ya mwaka huanza kuwa na nyuzi ngumu, na hapo hakuna kidonge kinachoiyeyusha, sembuse krimu za wauzaji wa stendi.

Hata hivyo daktari aliyeijua kazi hii hakimbilii kisu. Nilimsikiliza akiuliza maswali ambayo mtu asiyeelewa angeyaona ya pembeni. Unatumia dawa gani? Ipo dawa ya moyo na ini iitwayo spironolactone inayoweza kuotesha matiti kwa mwanamume. Ipo ketoconazole ya fangasi. Ipo efavirenz, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya matibabu ya kawaida ya virusi vya UKIMWI kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake. Unakunywa pombe? Ini likichoka, mizani ya homoni huyumba. Kisha akaomba ruhusa ya kupapasa korodani, kwa kuwa uvimbe wa huko unaweza kujitangaza kwanza kifuani. Akaagiza vipimo vya damu. Kama chanzo kingekuwa dawa, angebadilishwa dawa na upasuaji ungesubiri, pengine usingehitajika kabisa. Kwa kijana huyu hakikupatikana kitu. Alikuwa mzima, mwenye tezi iliyogoma kuondoka.

Masharti yakafuata. Sigara iachwe wiki nne kabla, maana moshi hubana mishipa midogo inayolisha chuchu. Aspirini isiguswe bila daktari kujua, na vilevile mitishamba, kwani baadhi yake huchelewesha damu kuganda. Chakula kikome saa sita kabla ya usingizi, maji matupu saa mbili. Na atafutwe ndugu wa kukaa naye mjini. Kijana akamtaja mjomba wake wa Mbagala.

Ndani ya chumba cha upasuaji, kabla ya lolote, muuguzi anasoma orodha kwa sauti: jina la mgonjwa, upasuaji gani, upande upi, mzio wowote. Kila mmoja anajibu. Orodha hii ya Shirika la Afya Duniani ilitolewa mwaka 2008, na kati ya hospitali nane duniani zilizoijaribu mwanzoni mojawapo ilikuwa ya Ifakara, mkoani Morogoro. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sijui kwa nini sisi Watanzania hatulisemi jambo hili mara nyingi zaidi.

Mgonjwa amelala usingizi. Kupitia tundu dogo pembeni, daktari anaingiza maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini kidogo. Kifua kinajaa, ngozi inakaza. Anaweka sindano chini na kusubiri. Adrenalini inahitaji dakika kadhaa kuibana mishipa, na mwenye haraka hulipia dakika hizo baadaye kwa kupangusa damu. Muuguzi anatumia muda huo kuhesabu shashi.

Mafuta ndiyo yanayotangulia. Mrija mwembamba wa chuma, wenye matundu karibu na ncha na uliounganishwa na mashine ya kunyonya, unaingia kwenye tundu lile lile. Mkono wa kulia unausukuma na kuuvuta. Wa kushoto umelala bapa juu ya ngozi, na huo ndio wenye macho: unahisi ncha ilipo, unene uliobaki, mahali panapoanza kuwa pembamba mno. Mafuta ya manjano yanateremka kwenye chupa. Ukingoni mwa duara la nje anapita kwa wepesi zaidi, ili kifua kishuke taratibu na kisifanye ngazi.

Tezi yenyewe hainyonyeki. Hapo ndipo kisu kinapoingia, kwenye nusu ya chini ya duara jeusi la chuchu, kwenye mpaka ambapo weusi unakutana na rangi ya kifua. Mkato huo ulielezwa na daktari Mmarekani Jerome Webster mwaka 1946, na kovu lake likipona vizuri hupotea ndani ya mpaka wa rangi. Kazi yenyewe ni kongwe kuliko hapo. Paulo wa Aegina aliiandika katika karne ya 7, na al-Zahrawi wa Córdoba, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliirudia katika kitabu chake kikubwa cha tiba. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kuna sababu ya ziada ya kupenda mkato mfupi: kifua ni mojawapo ya sehemu ambazo kovu hupenda kuota na kuvimba.

Ndoano mbili ndogo zinainua ukingo wa ngozi. Mkasi unaingia ukiwa umefungwa, unafunguliwa ndani kutenganisha, unatoka. Tezi inaanza kuonekana, nyeupe katikati ya mafuta ya manjano, ngumu na yenye kuteleza kama firigisi. Daktari anaishika kwa koleo na kuivuta polepole huku akiikata kwenye msuli ulio chini yake. Utando wa msuli anauacha mzima.

Kisha anafika chini ya chuchu, na mwendo unabadilika. Mtu wa kawaida angedhani ushindi ni kuitoa yote. Akifanya hivyo, chuchu itazama na kuacha shimo kifuani, aibu mpya mahali pa ile ya zamani. Kwa hiyo anaacha kibapa cha tezi, unene wa sentimeta moja hivi, kiishikilie chuchu na kuilinda mishipa inayoilisha. Anakata kidogo, anairudisha ngozi mahali pake, anapitisha kiganja. Anainua ngozi tena, anapunguza unene wa uzi wa kushonea. Anarudisha. Anaomba kitanda kiinuliwe upande wa kichwa mpaka mgonjwa awe nusu ameketi, anakwenda kusimama miguuni na kulinganisha kushoto na kulia. Mara tatu nilidhani amemaliza.

Tezi inawekwa kwenye chombo chenye fomalini, inaandikwa jina na upande, inapelekwa maabara. Damu inazimwa tone kwa tone kwa kifaa cha umeme. Tatizo linaloongoza baada ya upasuaji huu ni damu kuvilia ndani, ndiyo maana anaosha, anasubiri na kutazama tena pale palipokwisha kukauka. Mrija laini wa kutolea majimaji unaachwa ndani, mdomo wake ukitokea pembeni karibu na kwapa. Uzi wa chini, unaoyeyuka, unabeba mzigo wote wa kuvuta. Uzi wa juu, mwembamba zaidi, unapita ndani ya ngozi bila kuonekana na kuzifanya kingo zigusane tu. Shashi, pamba, na juu yake kizibao cha kubana chenye kulabu mbele.

Kuanzia hapo kazi inahamia kwa mgonjwa. Mbagala alilala chali, mto juu, akiandika kila asubuhi mililita zilizokusanyika kwenye chupa ya mrija. Ziliposhuka chini ya thelathini kwa siku nzima, mrija ukatolewa. Akapanda basi la Handeni, khanga ya shangazi imekunjwa kati ya kifua na mkanda wa kiti.

Kang'ata haikuumbwa kwa ajili ya kizibao cha kubana. Wiki sita, mchana na usiku, kwenye joto lile. Alikuwa nacho kingine cha kubadilisha: kimoja mwilini, kimoja kwenye kamba baada ya kufuliwa. Ndoo ya maji alibebewa na wadogo zake, jembe liliegemea ukuta, na bodaboda kwenye barabara ya makorongo alikatazwa kabisa. Kwa kijana wa kijijini, kukaa huku mama analima ni adhabu kuliko kidonda. Alivumilia.

Uvimbe ulipopungua, kizibao kikalegea. Akakipeleka kwa fundi cherehani, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Shikamoo, babu." "Marahaba. Vuta pumzi. Ishushe. Tena." Mzee hakupima akiwa ametulia tu, alimpima akiwa amejaza kifua na akiwa amekitoa hewa, kisha akaweka pini katikati ya vipimo viwili. Kulabu alizifumua moja moja kwa wembe, akazihamisha upana wa kidole, akazishona kwa mkono. Mshono wa pembeni aliugeuza nje ili ukingo mgumu usiguse kovu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Chuchu zilikuwa na ganzi kwa miezi. Chini ya kovu palikuwa pagumu, akaogopa kwamba tezi imerudi, na muuguzi wa zahanati akamweleza kuwa huko ni kupona, na kwamba umbo la mwisho huchukua nusu mwaka au zaidi kutulia. Majibu ya maabara yalikuwa tezi ya kawaida, bila saratani.

Majibu hayo si ya kupuuzwa. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia, takriban mgonjwa mmoja katika kila mia. Mwanamume mwenye uvimbe mgumu wa upande mmoja, ngozi iliyovutwa ndani, au chuchu inayotoa damu asimpe muuza krimu hata wiki moja. Aende zahanati iliyo karibu aombe rufaa.