Watu Wake Wameulizwa? Uaminifu, Haki na Kuwa na Watu katika Kisa cha Enies Lobby

Utangulizi

Makala haya yametokana na swali ambalo si langu. Wakati wa likizo nilikuwa nyumbani Kilungu, katika vilima vya upande wa Nunguni, na watoto wa jirani walikuwa wakitazama filamu ya michoro ya Kijapani kwenye simu. Babu yao hakuijua lugha ya filamu hiyo, wala hakuweza kusoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha. Aliuliza kwa nini mwanamke yule amefungwa pingu. Wakamwambia kwamba serikali ya dunia nzima imeamua afe. Mzee hakuuliza amefanya kosa gani. Aliuliza, kwa Kikamba: "Watu wake wameulizwa?" Watoto wakacheka, wakamjibu kwamba hana watu.

Nia yangu hapa ni kuonyesha kwamba swali la mzee huyo linakifafanua kisa hicho kuliko sifa nyingi za machozi kinazopewa na mashabiki wake. Kisa kinachohusika ni kile cha Enies Lobby, sehemu ya hadithi ndefu ya maharamia iitwayo One Piece. Eiichiro Oda alianza kuichapisha katika jarida la Weekly Shonen Jump mwaka 1997, na kampuni ya Toei ikaanza kuitoa kama filamu ya mfululizo mwaka 1999. Wako watakaosema kwamba kazi ya namna hii haistahili nafasi katika jarida la idara ya lugha. Jibu langu ni kwamba wanafunzi wetu wanaijua kuliko wanavyozijua tenzi tunazowafundisha, na mhakiki asiyejua wasomaji wake wanalilia nini hawezi kuwaeleza kwa nini Liyongo naye aliliwa.

Mahakama ya Enies Lobby

Nico Robin ni mtoto wa Ohara, kisiwa cha wanazuoni waliojifunza kusoma maandishi ya kale yaliyopigwa marufuku na Serikali ya Dunia. Kwa kosa hilo kisiwa kizima kiliteketezwa kwa mizinga ya manowari. Robin, akiwa na umri wa miaka 8, alisalimika peke yake, na kichwa chake kikatangaziwa zawadi ya berry milioni 79. Kwa miaka 20 aliishi kwa kukimbia, akijiunga na makundi na kuyasaliti kabla hayajamsaliti yeye. Mwishowe aliingia katika chombo cha Luffy. Maajenti wa serikali walipomtisha kwamba wenzake wataangamizwa kama ilivyoangamizwa Ohara, alijitoa mwenyewe ili wao sita waachwe salama.

Msomaji wa jarida hili hana budi kuangalia vema aina ya kosa lake. Robin hakuua ili astahili hukumu ile, alisoma. Sisi tunaoshughulika na miswada na hati za kale hatuwezi kuliona jambo hilo kuwa la kubuni tu. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi, na kutoka katika kifungo hicho tukapata diwani ya Sauti ya Dhiki. Dola inayoogopa msomaji si jambo geni kwetu.

Oda ameichora mahakama ya kisiwa hicho kwa kejeli kali. Ni mahali ambapo jua halizami kamwe. Baraza la wazee wa mahakama lina maharamia 11 ambao wenyewe wamekwisha kuhukumiwa kufa, na kwa kuwa hawataki kufa peke yao, kila mshtakiwa kwao ana hatia. Mwanga haukosekani, wala majoho ya waamuzi hayakosekani. Anayekosekana ni mtu mmoja aliye na haki ya kusema: huyu ni wetu, nasi hatukubali.

Ridhaa ya ndugu

Hapa ndipo swali la mzee wa Kilungu linapoingia. Katika Ukambani wa kale, mtu aliyehesabiwa kuwa hatari kwa jamii nzima, kama vile mchawi au mwizi sugu, aliweza kuhukumiwa kufa na wazee, na hukumu ikatekelezwa na wanaume wengi kwa pamoja. Utaratibu huo uliitwa king'ole. Maelezo yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 yanasisitiza kwamba ndugu wa karibu wa mshtakiwa walipaswa kuridhia kwanza. Sababu yake ilikuwa ya kisheria: ridhaa yao ilizuia kisasi na madai ya fidia ya damu. Lakini maana yake ilikuwa pana zaidi. Mtu hakuweza kuuawa na jamii kabla ya kuachwa na watu wake.

Sikusudii kuusifu utaratibu huo. Ndugu walioulizwa waliweza kutishwa, na wanawake wasio na hatia waliangamia kwa tuhuma ya uchawi. Kesi iliyosikilizwa mwaka 1932, ambamo mahakama ya kikoloni iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumuua mwanamke waliyemdai mchawi, kisha adhabu hiyo ikapunguzwa, inatukumbusha kwamba mauti hayo yalikuwa ya kweli. Hata hivyo utaratibu huo ulijua jambo ambalo mahakama ya Enies Lobby imelifuta: kwamba kuhukumu ni kumng'oa mtu katika watu wake, na kwamba watu hao wana sauti.

Serikali ya Dunia ilitatua tatizo la ridhaa kwa njia rahisi. Iliwaua kwanza wote ambao wangeulizwa.

Utenzi wa Fumo Liyongo unatupa upande wa pili wa jambo hilihili. Liyongo alipofungwa Pate, aliokolewa na watu wake: mama yake aliyepika mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani, kijakazi Saada aliyeupeleka, na wachezaji wa gungu ambao kelele zao zilifunika sauti ya tupa ikikata pingu. Mfalme alijifunza kutokana na kushindwa huko. Mara ya pili hakutumia gereza. Alimtumia mwana wa Liyongo, akamwahidi cheo na kumwoza binti yake, naye mwana akamchoma baba kwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa lugha ya king'ole, ndugu aliulizwa, naye akaridhia kwa malipo. Kwa hiyo utenzi huo unakataa faraja ya kwamba damu inatosha kumlinda mtu.

Bendera iliyochomwa

Tukirudi kwa Robin, tunaona jinsi Oda alivyolipanga jibu lake. Luffy na wenzake wanafika mbele ya mnara alimofungwa, lakini hawamchukui. Robin anasema kwamba adui yake ni dunia nzima, na kwamba siku moja watamwona mzigo na kumtupa. Hofu hiyo ni ya haki, kwa kuwa ndivyo alivyotendewa maisha yake yote. Luffy hamjibu kwa maneno ya mapenzi. Anaamuru bendera ya Serikali ya Dunia ipigwe, nayo inateketea. Ndipo anapomtaka Robin atamke kwamba anataka kuishi, naye anatamka akilia.

Tendo hilo kwa kawaida husomwa kama tangazo la vita. Mimi nalisoma kama kukataa kuridhia. Mahakama haikumwuliza mtu yeyote, basi wasioulizwa wamekuja wenyewe kujibu. Wanajifanya ndugu mbele ya watu wote, na kwa njia ambayo hairuhusu kurudi nyuma. Zaidi ya hayo, aliyeichoma bendera ni Usopp, akiwa amevaa barakoa. Wakati huo alikuwa amekwisha kujitenga na wenzake baada ya kupigana na Luffy juu ya jahazi lao, Going Merry. Kwa kanuni hakuwa mmoja wao. Na kisa kinapokwisha harudi kimyakimya. Zoro anasisitiza kwamba aombe radhi kwanza. Uaminifu hapa si hisia ya moyoni tu. Una wajibu, na anayeuvunja hana budi kuutengeneza upya mbele ya wenzake.

Kifani, nguvu ya kisa imo katika kuchelewesha. Habari za Ohara zinazuiwa mpaka kabla tu ya kilio, hivyo msomaji anayajua yote kwa wakati mmoja na Robin anapopasuka. Filamu imeiharibu kazi hiyo kwa sehemu. Mara baada ya kipindi cha 278, chenye kilio hicho, inaweka vipindi vitano, 279 hadi 283, vinavyorudia mambo ya zamani, na mtazamaji anaachwa apoe. Katika kitabu cha picha mwendo haukatiki.

Udhaifu mkubwa zaidi ni wa kimaudhui. Robin anapona kwa sababu marafiki zake ni hodari wa vita. Hadithi haisemi lolote juu ya yule ambaye watu wake wanamkatalia kwa moyo wote lakini hawana nguvu. Katika maisha yetu watu wa namna hiyo ndio wengi. Uaminifu unaweza kuizuia dhuluma siku moja. Haujengi mahakama iliyo bora.

Hitimisho

Mwaka 2025 vijana walioandamana Indonesia, Nepal na Madagaska waliibeba bendera ya maharamia hawa, na huko Madagaska kofia ya mchoro huo iligeuzwa ikawa kofia ya kwao. Vijana hao walikwisha kuifanyia kazi hii uhakiki kabla yetu, kwa kuivalisha vazi la nyumbani. Sisi tunaofundisha tungeweza kuanza na jambo dogo: kuweka kisa cha Enies Lobby kando ya utenzi wa Liyongo darasani, na kuwauliza wanafunzi swali la mzee wa Kilungu. Katika kila hukumu wanayoisoma, watu wa mshtakiwa wameulizwa? Na kama wameulizwa, wamejibu nini?

Watoto wale walipofika mwisho wa kisa nilimtafsiria mzee kilio cha Robin na kumweleza juu ya bendera. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi anao."