Rangi ya Kifaranga na Jinsi Yake

Kwa kuku, mama ndiye anayeamua jinsi ya kifaranga. Jogoo ana kromosomu mbili za Z. Mtetea ana Z moja na W moja. Z ya mama huenda kwa watoto wa kiume tu, na watoto wa kike hupata Z yao kwa baba. Jeni ya rangi iliyo kwenye Z hufuata njia hiyohiyo, hivyo rangi inaweza kutaja jinsi siku ileile kifaranga anapototolewa.

R. C. Punnett wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliipendekeza njia hii wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipoadimika Uingereza na kulisha majogoo wasiohitajika kukawa hasara. Mwaka 1929 yeye na Michael Pease walitangaza kuku aina ya Cambar, ambaye jinsi yake husomeka kwenye rangi kizazi hadi kizazi.

Kwa mfugaji wa Kibondo au Kasulu, jeni inayofaa zaidi ni ile ya mistari myeusi na myeupe. Mtetea wa mistari hupandwa na jogoo mweusi tii, kwa mfano Australorp, ambaye wafugaji wengi humwita kuku wa Malawi. Vifaranga wote hutoka weusi, lakini wa kiume, waliorithi Z ya mama, huwa na doa jeupe utosini. Wa kike hawana. Manyoya yakishaota, wa kiume huonyesha mistari na wa kike hubaki weusi, na hapo makosa ya siku ya kwanza hujulikana.

Mpangilio huo haugeuziki. Jogoo wa mistari akipanda mtetea mweusi, doa hutokea kwa jinsi zote mbili na halisemi lolote. Mtetea wa kienyeji anafaa hata kama ukoo wake haujulikani, kwa kuwa ana Z moja tu: mistari ikionekana, jeni ipo. Wa kuchunguzwa ni jogoo. Weusi wake usipokuwa wa asili safi, baadhi ya vifaranga hutoka na rangi hafifu inayolificha doa. Kishingo, yaani shingo isiyo na manyoya, hakisaidii, maana jeni yake haiko kwenye Z.

Ugumu wenyewe uko uani, kuku wanakozurura na majogoo wa jirani. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo kwa wiki mbili au zaidi, kwa hiyo atengwe na majogoo wengine wiki tatu kabla ya mayai yake kuatamiwa. Mayai ya wiki hizo ni ya kula.

Kasuku wadogo wa Australia wanaofugwa vizimbani hufuata kanuni hiyohiyo, ila kwa jeni iliyo dhaifu: dume wa njano mwenye macho mekundu akipandana na jike wa kijani asilia, watoto wa njano ni majike na wa kijani ni madume.

Kwa kuku wa mistari, alama hudumu kizazi kimoja. Majogoo chotara wakipanda dada zao, mistari hutokea kwa nusu ya kila jinsi. Anayetaka kuendelea kuchagua vifaranga kwa doa hana budi kuwatunza wazazi wa mwanzo, weusi na wa mistari, kila kundi na banda lake.