Mtutu Usio na Tundu

Ichukue bunduki ya kuchezea iliyochongwa nyumbani kwa ubao, ile inayorusha mpira, uisome kama shairi: kila sehemu inafanya kazi gani, na ipi imewekwa kwa ajili ya macho tu.

Anza na mtutu. Hauna tundu. Ni ubao mtupu wenye mkato mdogo kwenye ncha. Katika bunduki ya kweli baruti hulipuka nyuma ya risasi na kuisukuma ipite kwenye bomba. Hapa hakuna kinachosukumwa. Mpira wenyewe ndio risasi, na nguvu ya kuurusha imo ndani yake tangu ulipovutwa. Mtutu una kazi moja tu, kutenganisha mkato wa mbele na kibanio cha nyuma. Ukiwa mfupi, mpira unaangukia miguuni; ukiwa mrefu kupita kiasi, unakatika mkononi mwa anayepakia. Kwa hiyo fundi mzuri haanzi na ubao. Anakata kwanza pete nyembamba kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, anaivuta aone inafika wapi bila kulalamika, ndipo anashika msumeno. Urefu wa bunduki nzima umeamuliwa na kipande cha mpira.

Kisha kibanio cha nguo, kilichofungwa juu ya mshikio. Taya zake zinabana mpira, ukibonyeza mkia zinaachia. Mimi naona uzuri wote wa kitu hiki uko hapo. Chombo cha kamba ya kuanikia kimepewa kazi mpya bila kufichwa, na ukikitazama unaelewa papo hapo kinavyofanya kazi. Wapo wanaotaka kufyatua mfululizo: hao huchonga meno mgongoni mwa ubao, hulaza uzi juu yake, hupakia mpira mmoja kwa kila jino juu ya uzi huo. Uzi ukivutwa kutoka nyuma, unainua mpira wa mwisho kwanza, halafu unaofuata. Ni ubunifu wa hali ya juu kwa gharama ya uzi.

Na ile magazini iliyopinda, inayobandikwa chini kuiga ya AK-47? Haina kazi. Rangi nyeusi nayo haina kazi. Lakini mara nyingi hapo ndipo mchongaji anapotumia kisu na msasa kwa muda mrefu zaidi.

Huko Mbau, mashariki mwa Kongo, sababu ya kuiga bunduki hiyo haitafutwi mbali. Mji huo mdogo uko kwenye barabara ya taifa namba 4, kati ya Beni na Oicha, mahali inapochepuka barabara ya Kamango. Mauaji ya raia yameiandama wilaya ya Beni tangu Oktoba 2014. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye barabara hiyo ya Kamango, kambi ya walinda amani ya Semuliki ilishambuliwa, na wanajeshi wa Tanzania wakauawa. Mei 2021 mkoa mzima ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtoto aliyekulia hapo anaujua mpindo wa magazini bila kuonyeshwa picha. 

Sikubaliani na wanaotaka mchezo huu upigwe marufuku. Anayeutengeneza anajifunza kupima, kukata na kusubiri. Ninachokataa ni ule uigaji wa bunduki ya kweli. Kwanza unafunika ubunifu wenyewe: jicho linakwenda kwenye magazini ya bure na kukipita kibanio kinachofanya kazi. Pili, barabarani, jioni, katika mji wenye askari, hakuna anayeweza kuona kwa mbali kwamba mtutu ule mweusi hauna tundu. Hapo umbo linakuwa jambo la uhai wa mtoto.

Basi, mafundi seremala na wazazi wa Mbau, chongeni ubao mnyoofu. Ubao ubaki na rangi yake, kibanio kiwe wazi, magazini iondolewe. Shabaha iwe kopo juu ya kigoda, kamwe isiwe uso wa mtu, maana mpira huu unaumiza jicho. Mpira utaruka umbali uleule.