Komisionere anafanyia nani kazi?



Pa Lubumbashi, mutu akisema tu kwamba anauzisha nyumba, siku ile ile anasikia maneno mbili. Moja inasema: bila komisionere nyumba haiuzike. Ingine inasema: bakomisionere wote ni wezi, uwakimbie. Mimi naona zote mbili ni maneno ya uvivu. Hakuna hata moja inauliza kitu cha maana: ule komisionere anakuletea nini ambacho wewe mwenyewe hauna, na anakilipisha bei gani?

Tuanze na malipo, juu ndipo ubaya unaanzia. Mara mingi wanaomba 5 mpaka 10 kwa mia ya bei. Tuseme nyumba yako ya Kampemba unaiombea dola 40 000, na mumepatana 10 kwa mia. Anakuja mununuzi wa kwanza, anatoa 37 000. Ukikubali leo, komisionere anakamata 3 700. Mukingoja miezi mbili mpaka bei ifike 40 000, yeye anaongeza 300 tu. Wewe ungeongeza 2 700. Sasa nani kati yenu iko na haraka? Njo maana anakuambia: "Papa, kubali, makuta iko hapa, kesho hatutaiona tena." Si lazima awe mutu mubaya. Namna analipwa njo inamusukuma aseme vile. Lakini ile shauri yake, usiikamate sawa shauri ya rafiki.

Kuna na ubaya wa pili, na huu hauna excuse hata moja. Wewe unasema 40 000, yeye anamuambia mununuzi 45 000. Ile 5 000 ya katikati inabaki kwake, na kiisha anakuomba tena 10 kwa mia yako. Jumla ni 9 000, na wewe unamushukuru. Hii inawezekana paka kwa sababu moja: mwenye kuuzisha na mununuzi hawajakaa pamoja hata siku moja kuongea bei. Komisionere anayekukataza kuonana na mununuzi, sababu yake unaijua sasa.

Ya tatu tunaifanya sisi wenyewe. Tunapatia nyumba bakomisionere kumi, tukifikiri kumi watauzisha mbio kuliko mumoja. Kinachotokea: picha za nyumba moja zinazunguka mu WhatsApp na bei tatu tofauti. Mununuzi mwenye akili akiona vile, anafikiri parsele iko na mashitaka, ao mwenye nyumba amekwama. Anangojea bei ishuke. Na kati ya wale kumi, hakuna anayejikaza, juu kila mumoja anaogopa kutumika bure mwenzake akamate komisioni.

Mimi nilisoma kilimo, basi mutaniwia radhi nikileta mambo ya shamba. Mulimaji wa nyanya anakubali bei ya mutu wa katikati juu nyanya inaoza. Ule wa mahindi yaliyokauka vizuri, maji yakibaki 13 kwa mia, anaweza kuyaweka gudulia miezi mingi na kungojea. Nyumba ni mahindi, haiozi. Kinachooza ni mwenye nyumba: kuko mugonjwa, kuko minervale ya batoto, kuko deni. Wengi wanageuza nyumba kuwa nyanya kwa kungojea shida ifike mulangoni ndipo waanze kutafuta mununuzi. Mutu wa namna ile, awe na komisionere ao asiwe naye, atauzisha kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo, swali la kwanza kabla ya komisionere ni siku ngapi unaweza kungojea.

Sasa, kusema haki, kuna fasi komisionere anastahili malipo yake. Mwenye nyumba iko Kinshasa ao Ulaya, na hakuna ndugu wa kuaminika hapa. Mama mujane anakaa peke yake, na si vizuri watu asiowajua waingie kila siku kuhesabu vyumba vyake. Ao nyumba ni ya Golf, na wanunuzi wa bei ile ni makampuni na watu wa migodi ambao wewe hauna namba zao. Pale komisionere anauzisha habari na usalama, na hivyo viko na bei.

Lakini nyumba ya Katuba ao ya Kenya? Mara mingi mununuzi anatoka ku avenyu ile ile, ku kanisa, ao ni ndugu wa jirani. Chefu wa avenyu anajua ni nani anatafuta. Kulipa dola 2 000 ili mutu akuletee jirani yako, ile ni hasara.

Na kitu kinachozuia nyumba kuuzishwa, mara mingi si kukosa mununuzi. Ni karatasi. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi tuko na haki ya kuutumia, na ile haki inathibitishwa na sertifika ya konservatere wa hati za ardhi. Fishi ya parsele ya komine haina nguvu ile. Kode ya Familia nayo inaomba mume na mke wakubaliane wote wawili mbele ya kuuzisha. Na nyumba aliyoacha marehemu papa inaomba wariti wote wasikilizane. Komisionere hatatengeneza hata moja ya mambo haya. Tena mumoja asiye na haya atakuambia "tutaona mbele", juu shida ikitokea, yeye amekwisha kulipwa, na wewe njo utaitwa ku tribinali.

Kama umeona unamuhitaji, shika mambo haya. Kamata mumoja tu, kwa siku 60, kwa maandishi. Andikeni bei ya chini: mpaka pale anapata kitu kidogo kilichopangwa, na sehemu kubwa anaipata ku kile atakachopandisha juu yake. Sasa naye atapenda kungojea. Andikeni kwamba utaonana na mununuzi mbele ya kupatana bei. Makuta ipite ku banki, na komisioni itoke nyuma ya makuta kuingia, si mbele.

Na tusiwazarau wale vijana. Wengine ni wenzetu, lisansi iko mufukoni na kazi hakuna. Kijana anayejua kupima parsele, kusoma sertifika na kusema bei moja kwa watu wawili, mimi ningemulipa bila kunungunika. Kama muko naye ku avenyu yenu, mutuambie anaombaka ngapi.